Namna ya Kusikiliza Filamu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Watu wakitoka kutazama filamu husimuliana walichokiona, na ni nadra mtu kusimulia alichokisikia, ingawa mara nyingi ni masikio yaliyomfanya aogope au alengwe na machozi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu wa sanaa, mwandishi wa habari na kijana anayeanza kupiga video kwa simu yake, yaani wote wanaopenda kujua sauti inafanya kazi gani katika filamu, redio na televisheni. Jambo moja ningependa msomaji alishike tangu mwanzo: katika filamu iliyotengenezwa kwa uangalifu, karibu hakuna sauti iliyofika pale yenyewe. Kamera hunasa kila kilicho mbele yake, lakini sauti huletwa moja moja. Kuna mtu aliyeichagua, akapima ukubwa wake, akaamua ianze wapi na ikome wapi. Kwa hiyo kila mlio unaousikia unaweza kuuliziwa swali hili: aliyeuweka hapa alitaka nisikie nini?

Hatua ya kwanza: chagua onyesho moja na uandae masikio

Usianze na filamu nzima. Chagua onyesho moja la dakika tatu hadi tano, ikiwezekana kutoka katika filamu uliyokwisha kuitazama, ili hadithi isikuvute ukasahau kazi uliyoijia. Tafuta hedifoni, hata zile za bei ndogo za waya, kwa sababu sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde, ilhali spika ndogo ya simu haiwezi kutoa vizuri mitetemo ya chini. Mngurumo wa radi, mvumo wa injini na uzito wa kishindo hukaa huko chini, na anayesikiliza kwa spika ya simu hukosa sehemu kubwa ya kazi anayotaka kuichunguza.

Kwa zoezi hili tumia filamu yenye sauti zake za asili. Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tulizijua filamu za nje kupitia vibanda vya video na kanda zilizosimuliwa kwa Kiswahili na mafundi kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya. Ile ni sanaa kamili, tena inayostahili kuchunguzwa kwa heshima yake: msimulizi hukaa juu ya sauti za filamu, huwapa wahusika majina na misemo ya kwetu, na hujaza kwa maneno pale ambapo mtengenezaji wa filamu aliacha kimya. Ila kwa sababu hiyo hiyo sauti za mwanzo hufunikwa. Fanya kwanza zoezi kwa filamu ya asili, kisha urudi kwenye toleo lililosimuliwa ulilinganishe. Utashangaa kuona hadithi ile ile imepata moyo mwingine.

Hatua ya pili: sikiliza bila kutazama

Ilaze simu kifudifudi, au ifunike skrini kwa kanga, kisha usikilize onyesho lote mara tatu. Mara ya kwanza usiandike chochote. Mara ya pili andika kila unachokisikia na dakika unapokisikia. Mara ya tatu tafuta yaliyokupita, na hakikisho ni kwamba yatakuwapo: pumzi kabla ya neno, kitambaa kikisuguana mtu anapogeuka, mbwa wa mbali, kikombe kikitua juu ya kisahani.

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, nami huwashikilia hapa vijana ninaowafundisha kwa muda mrefu, kwa kuwa wengi wao katika daftari la kwanza huandika neno moja tu: kelele. Kiswahili hakikutunyima majina. Bahari na upepo vina mvumo, ngoma ina mrindimo, simba na radi vina mngurumo, kucha juu ya ukuta zina mkwaruzo, mguu mzito darini una kishindo. Jiwe likizama majini husema chubwi, gunia likianguka chini husema pu, majani makavu yakikanyagwa huchakarika. Mtu anayeandika "mlango unafungwa" hajasikiliza bado. Akiandika "mlango mzito wa mbao unafungwa polepole, bawaba zinalia, kisha komeo linaingia kwa mlio mkavu," hapo ameanza kusikia kwamba anayefunga mlango huo hataki kusikiwa, na kwamba mwenye filamu ametaka sisi tumsikie.

Pembeni ya kila sauti andika mambo mawili: iko mbali au karibu, na inakua, inapungua au inakaa pale pale. Usiandike bado maana yake. Maana ikitangulia, masikio huacha kufanya kazi.

Hatua ya tatu: tazama bila sauti

Sasa zima sauti kabisa na utazame onyesho lile lile mara moja. Andika kila kitu ambacho kingepaswa kutoa sauti: magari barabarani, watu wa meza ya pili, feni, mvua dirishani. Kisha weka orodha mbili sambamba. Vinavyoonekana lakini havisikiki, na vinavyosikika lakini havionekani, ndivyo vitakavyokufundisha zaidi, kwa maana pande zote mbili zinaonyesha mkono wa mtu aliyechagua.

Hatua ya nne: uliza kila sauti inatoka wapi na nani anaisikia

Zipange sauti zako katika mafungu: mazungumzo, milio ya vitu na mazingira, muziki, na ukimya. Mpango huu ni mwepesi na hauna haja ya maelezo mengi. Lililo muhimu zaidi ni kutenganisha sauti za ndani ya hadithi na sauti za nje yake. Redio inayolia dukani ni sauti ya ndani, kwa kuwa wahusika wanaisikia na wanaweza kuizima. Fidla zinazopanda wakati wapenzi wanaagana bandarini ni sauti ya nje, kwa kuwa hakuna mpiga fidla pale gatini na ni sisi tu tunaozisikia. Watengenezaji hodari hucheza katikati ya pande hizi mbili: wimbo unaanza ukiwa mwembamba ndani ya redio ya gari, kisha unajaa na kutanda mpaka unakuwa muziki wa filamu yenyewe, na mtazamaji hajui ni lini aliingizwa ndani ya moyo wa dereva.

Sauti ikirudiwa mara kwa mara pamoja na mtu au kitu fulani, hugeuka kuwa alama yake. Katika filamu ya Kijerumani iitwayo M, ya mwaka 1931, mwuaji wa watoto hupiga mluzi wa muziki wa Grieg, mtunzi wa Norwei, na anayemtambua ni kipofu anayeuza maputo, ambaye hakuhitaji kuuona uso wake. Miaka 44 baadaye, katika filamu ya Jaws, inayohusu samaki papa mla watu, noti mbili nzito za mtunzi John Williams zikawa papa mwenyewe, kwa muda mrefu kabla papa huyo hajaonekana. Sikiliza kwa makini namna filamu hiyo inavyoutumia mkataba wake na mtazamaji: watoto wawili wanapowatishia watu kwa pezi la bandia, noti zile hazipigwi, na sikio makini linajua kwamba papa hayupo. Baadaye, mtazamaji akishaamini kwamba papa hatokei bila muziki wake, papa halisi anaibuka nyuma ya mashua pasipo noti hata moja, mtu akiwa anamwaga chambo baharini. Mshtuko ule umetokana na muziki ambao haukupigwa.

Hatua ya tano: soma onyesho moja mpaka mwisho wake

Nachukua mfano wa The Godfather ya mwaka 1972, filamu ya Francis Ford Coppola, katika onyesho la mkahawani. Michael, kijana aliyekuwa amejitenga na biashara ya ujambazi ya baba yake, ameketi Bronx, New York, pamoja na Sollozzo, mfanyabiashara wa dawa za kulevya aliyejaribu kumwua baba yake, na kapteni wa polisi aitwaye McCluskey. Amekuja kuwaua. Bastola imefichwa msalani, nyuma ya tangi la maji.

Kitu cha kwanza cha kusikiliza ni mazungumzo. Sollozzo anaongea Kiitaliano kwa kirefu, na filamu haimpi mtazamaji tafsiri ya maandishi. Asiyeijua lugha hiyo hubaki na sauti tupu: mwendo wake, upole wake, vituo vyake. Coppola angeweza kutafsiri. Kwa kutotafsiri amelitoa sikio letu kwenye maneno na kuliacha huru lisikilize vitu vingine.

Kitu cha pili ni muziki, na jibu lake ni fupi: haupo. Mtengenezaji mwingine angeweka hapa ngoma za wasiwasi au fidla za kutetemeka. Coppola ameuzuia muziki wote mpaka jambo limalizike.

Kitu cha tatu ndicho kiini cha somo. Michael akiwa msalani tunasikia garimoshi la reli ya juu likipita. Anarudi mezani, anaketi, Sollozzo anaendelea kuongea, kamera inamkaribia Michael usoni huku macho yake yakihangaika, na garimoshi linarudi. Safari hii linakua. Magurudumu yanakwaruza vyuma, mlio unapanda mpaka unayazidi maneno ya Sollozzo, na katika kilele chake Michael anasimama na kufyatua risasi. Garimoshi lenyewe hatulioni hata mara moja, wala hakuna mhusika anayelitaja.

Walter Murch, aliyeshughulikia sauti za filamu hiyo, ameeleza mara kadhaa mantiki ya uamuzi huu. Mtaa kama ule wa New York unaweza kuwa na reli jirani, hivyo sikio linalikubali garimoshi bila ubishi. Lakini ukubwa wa mlio haulingani na tunachokiona, kwa kuwa garimoshi la nje ya mkahawa lisingeweza kulia kana kwamba limeingia ndani. Akili ya mtazamaji, pasipo yeye kujua, hutafuta sababu ya tofauti hiyo, na mahali pekee inapoipata ni ndani ya kichwa cha Michael. Vyuma vinavyosuguana ni mapambano ya mtu ambaye baada ya sekunde chache hatakuwa tena yule aliyeingia mlangoni. Kisha bastola inamtoka mkononi na kuanguka, na ndipo muziki wa Nino Rota unapoingia, mzito na mpana, wakati hakuna tena wa kuzuia lolote.

Rudia onyesho hilo ukiwa umezima sauti. Utaona watu watatu mezani na uso wa kijana uliotulia kiasi. Ninaamini uigizaji wa Al Pacino, anayemwigiza Michael, pale ni wa hali ya juu sana, lakini hofu tunayoikumbuka inatoka kwenye garimoshi.

Hatua ya sita: usiamini kwamba kitu kinacholia ndicho unachokiona

Mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zilipoanza kusema, fundi mmoja wa studio ya Universal aitwaye Jack Foley alikuwa akisimama mbele ya picha inayotembea na kutoa nyayo, mavazi na vitu kwa mikono na miguu yake, sambamba na wahusika. Kazi hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake, foli, na ndiyo inayokufanya usikie vizuri viatu vya mhusika katika barabara iliyojaa magari. Vifuu viwili vya nazi vikigonganishwa juu ya mchanga ni kwato za farasi. Muwa ukivunjwa karibu na maikrofoni unatosha kuwa mfupa. Mchele ukimiminwa polepole juu ya sinia la bati huwa mvua, na wanga wa mahindi ndani ya mfuko, ukibinywa kwa vidole, huwa nyayo juu ya theluji. Wenye jiko la pwani wana ghala kubwa la sauti kuliko wanavyofikiri. Mbuzi ya kukunia nazi peke yake ina milio minne au mitano tofauti kulingana na nazi ilivyokauka.

Ben Burtt alipotengeneza sauti za Star Wars, filamu iliyotoka mwaka 1977, mvumo wa panga za nuru aliupata kwa kuunganisha mlio wa mota ya projekta na mnong'ono wa umeme wa televisheni ya zamani, na milio ya bunduki aliipata kwa kugonga waya unaoshikilia mnara wa redio. Vitu vya kawaida kabisa, na ndiyo maana vitu hivyo vya kubuni vinasadikika: sikio linatambua kwamba kuna chuma halisi mahali fulani.

Katika hatua hii, chukua sauti tano kutoka kwenye orodha yako na ubuni namna ya kuzitengeneza kwa vitu vya nyumbani. Zirekodi. Utajua mara moja iwapo ulikuwa umezisikia kweli.

Hatua ya saba: sikiliza ukimya

Ukimya wa filamu si utupu. Kila chumba kina sauti yake hata pasipo mtu: upepo mdogo dirishani, mtaa wa mbali, umeme ndani ya taa. Mhariri akikata sauti zote kabisa, mtazamaji hudhani kifaa kimeharibika. Kwa hiyo wanaorekodi hunasa sauti ya chumba kitupu, angalau sekunde 30, wakati wote waliopo wametulia, ili baadaye zitandazwe chini ya mazungumzo na kuziba nyufa.

Hili nililijua kwa gharama. Nilimrekodi bibi mmoja akisimulia maisha yake, sebuleni kwake, naye alikuwa msimulizi wa ajabu. Friji ilikuwa kona ya chumba, ikiwaka na kuzima, nami sikuisikia kwa sababu nilikuwa nimezama katika maneno yake. Nilipokaa kuhariri, kila nilipounganisha sentensi mbili mvumo ulikatika au ulizuka ghafla, na msikilizaji yeyote angejua bibi amekatwa. Sikuwa na sekunde hata kumi za chumba kitupu za kuziba. Sehemu nzuri kuliko zote ya simulizi ile haikutumika, na bibi hakuweza kuisimulia tena vilevile. Tangu hapo huzima friji kwa idhini ya mwenye nyumba, na hutia funguo zangu ndani yake ili nisiondoke bila kuiwasha tena. Ni desturi ya warekodi wengi, na ninaipendekeza kwa moyo wote.

Hatua ya nane: peleka sikio lako kwenye redio, habari na filamu za wanyama

Redio ni shule bora, kwa kuwa haina picha ya kujifichia. Wasikilizaji wa mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, walijua nani anaongea, yuko wapi na ana hali gani kwa masikio tu. Sikiliza mchezo wowote wa redio na ujiulize ni kitu gani kilichokuambia kwamba wahusika wako shambani au sokoni. Ukisikia kwamba mmoja ameingia, tafuta kilichokujulisha: nyayo, mlango, au sauti inayoanza mbali na kusogea.

Katika filamu za wanyama, kumbuka kwamba lenzi ndefu humleta simba wa mbali hadi karibu, lakini maikrofoni haina uwezo huo. Ndiyo maana sauti nyingi za kutafuna, kunusa na kukanyaga majani unazozisikia katika filamu zilizopigwa mbugani hurekodiwa kando au hutengenezwa studio. Mtazamaji hana sababu ya kuchukia jambo hilo, ila anapaswa kulijua.

Kwenye habari kanuni ni nyingine, nami hapa nina msimamo mkali. Mwandishi hana haki ya kuongeza kelele za umati kwenye mkutano uliokuwa na watu wachache, wala kutandika muziki wa huzuni chini ya taarifa ya mtuhumiwa ambaye mahakama haijamhukumu. Muziki ule ni hukumu, hata kama hakuna neno lililotamkwa. Unapotazama taarifa, uliza: sauti hii ilinaswa pale na wakati ule? Kama ni muziki, unaniambia niwaze nini kabla sijasikia ushahidi?

Hatua ya tisa: tengeneza dakika moja

Piga kwa simu video ya dakika moja ya mtu mmoja anayefanya kazi anayoizoea, kama vile fundi cherehani au muuza chapati, kisha uifute sauti yake yote na uijenge upya. Rekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani idadi ya mara ambazo kifaa huipima sauti, ambacho ni kiwango cha kawaida cha kazi za video, na uache nafasi juu: vilele vya sauti ya mtu anayeongea vikifika karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kifaa, ambacho kilele chake ni 0, vinatosha, kwa sababu sauti ikigonga 0 hupasuka na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa. Maikrofoni iwe shubiri moja hadi mbili kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Kama unarekodi picha na sauti kwa vifaa viwili, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, upate pa kuoanisha.

Anza na sauti ya mahali, fuatisha na mikono na vifaa, kisha nyayo na nguo, na muziki uje mwisho kama utahitajika. Baada ya hapo tengeneza toleo la pili kwa picha zile zile, ukibadilisha sauti tatu tu: toa mtaa wote wa nje, isogeze pumzi ya mfanyakazi iwe karibu, na mahali fulani, kwa mbali sana, weka simu inayoita bila kupokelewa. Mpe mtu ambaye hakuwapo ayatazame matoleo yote mawili, bila kumwambia ulichobadilisha, na umwombe akueleze yule fundi ni mtu wa namna gani katika kila moja. Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, pembeni mwa orodha yako ya sauti.